Wenye baipola na mnaoishi nao: acheni kujipima kwa furaha na huzuni, anzeni na usingizi

MtuWaPantoni ameandika:

Wakuu habari za jioni. Hili jambo nimeulizwa inbox mara nyingi sana, "ndugu yangu ana baipola, anajuaje kama anaanza kupanda", nimechoka kumjibu mmoja mmoja acha niliweke hapa tulijadili wote.

Mimi ninayo. Iko kwenye faili miaka kadhaa sasa, dawa natumia, kazini naenda Kariakoo duka la vitambaa, Kigamboni ndo nyumbani, mke na watoto wapo. Kwa asiyeijua kwa kifupi, kuna vipindi unapanda, mzuka unazidi kipimo, maneno mengi, mipango mingi, hela inatoka, hulali na huchoki. Halafu kuna vipindi unashuka, sonona yenyewe, hata kuoga inakuwa kazi ya kutwa. Na madaktari wanahesabu muda jamani: kupanda kukubwa ni wiki 1 na kuendelea (au chini ya hapo kama imebidi ulazwe), kupanda kudogo ni kuanzia siku 4 mfululizo, kushuka ni wiki 2. Kwa hiyo yule anayesema "wife ana baipola, asubuhi kanuna mchana anacheka" hapana mkuu, huyo umemuudhi tu kaombe msamaha.

Sasa hoja yangu. Kliniki watakwambia "fuatilia mudi yako", yaani hali ya moyo, unapewa karatasi au unapakua apu, kila jioni unaweka namba. Sawa. Ila ukiwa unapanda anayeweka namba ni wewe huyo huyo unayepanda, na huyo jamaa anajiona yuko fiti kuliko siku zote za maisha yake, ataandika "leo safi sana, Mungu ni mkubwa". Ukishuka ndo huandiki kabisa, daftari lenyewe unaliangalia lipo mbali. Ndo maana mimi safu ya mudi naiweka ya mwisho.

Ya kwanza usingizi. Umelala saa ngapi, umeamka saa ngapi na umeamkaje. Hiyo ya tatu ndo yenyewe. Mtu mwenye mawazo akilala saa nane usiku akaamka saa kumi anaamka hoi, macho yanawaka, anautafuta usingizi na hauji. Anayepanda analala masaa hayo hayo machache anaamka mwepesi, adhana ya alfajiri inamkuta kashafua, kashapiga deki, anashangaa watu wanalala nini muda wote huo.

Ya pili hela. Na hapa Dar huna haja ya kuandika, simu imeshakuandikia. Kuna siku tulikaa mimi na mke wangu tukawa tunarudi nyuma kwenye meseji za miamala mwezi kwa mwezi. Miezi ya kushuka ni luku na vocha, luku na vocha, basi. Halafu inafika wiki fulani unaona hela imetumwa saa tisa usiku kwa mtu niliyesoma naye msingi, kesho yake fundi wa mashine ya kufyatua tofali (kiwanja cha kuiweka hiyo mashine sina mpaka leo), mchango wa harusi ya mtu ambaye jina lake la pili silijui, alafu zinaanza zile meseji za mkopo wa simu, mmoja, wa pili, wa tatu. Yaani kupanda kote kumeandikwa na saa na dakika. Tukafungua na apu tuangalie wiki hiyo niliweka nini kwenye mudi. Kikatuni kinacheka, Jumatatu mpaka Jumapili.

Ya tatu nguvu, na nguvu sio furaha. Kuna watu wanapanda bila furaha yoyote, ni hasira tu, kila mtu anakukera, konda kakurudishia chenji pungufu unataka mpigane. Wamarekani walipotoa toleo jipya la kitabu chao cha kutambua magonjwa ya akili mwaka 2013 waliweka kabisa kwamba mudi kubadilika peke yake haitoshi, lazima na nguvu au shughuli ziwe zimeongezeka. Na unaweza ukawa chini moyoni huku nguvu ziko juu, unalia na hutulii, vyote kwa pamoja. Hiyo mimi ndo naiogopa kuliko zote kwasababu mawazo ya kujidhuru yapo na nguvu ya kuyafanya ipo. Ukijiona hivyo au ukimuona mtu wako hivyo usisubiri tarehe ya kliniki, siku hiyo hiyo hospitali, na asiende peke yake.

Karibuni. Maswali ruksa, matusi hapana.

KukuWaTabata ameandika:

Nimekaa paleee nasubiri wajuzi

Mpogoro_OG ameandika:

Mkuu mimi nitasema ukweli hata km mtanichukia. Hiyo kutolala, kuongea usiku, kutapanya hela ni jini hilo. Kuna binamu yangu alikuwa hivyo hivyo wakampeleka kwa mzee mmoja Mbagala akatulia.

MtuWaPantoni ameandika:

Sikuchukii mkuu, kwetu pia nilipelekwa, nimefukizwa mpaka macho yakavimba. Lakini jiulize, alitulia baada ya muda gani? Maana huu ugonjwa unakuja na kuondoka hata usipofanya lolote, anayepanda leo baada ya wiki au miezi atashuka tu, kwa hiyo yeyote aliyekuwa na wewe wakati unatulia ndo anachukua sifa. Ndo uzuri mwingine wa kuandika, unaona kama kweli kitu kimesaidia au kimekutana na wewe njiani. Watu wako milioni 40 duniani kwa hesabu ya WHO ya 2019, Waswidi na Wajapani wamo. Na kuchora maisha ya mgonjwa kwenye chati wala hakujaanza na simu janja, kuna daktari Mjerumani Emil Kraepelin alikuwa anachora za wagonjwa wake zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mzee wa Mbagala muende tu mkitaka, ila vidonge viwe mfukoni, na siku atakayosema acheni vidonge hapo kageuzeni.

BintiSinza ameandika:

Mimi natumia apu ya moja mpaka kumi na kiukweli huwa najitahidi nifike 8, 9. Nikipata 10 najipongeza kabisa 😂 kumbe nakosea?

MtuWaPantoni ameandika:

Dada hiyo namba imetengenezwa kwa watu wa sonona, kwao juu ndo kupona. Kwetu juu sio kupona. Weka sifuri katikati, kutoka -3 mpaka +3, sifuri ndo nyumbani. Alafu kila namba iandikie maneno yako mwenyewe siku ambayo umetulia. Yangu mfano, +1 ni naongea na kila mtu kwenye pantoni, +2 nimeanza kumwambia bosi biashara yake anaiendesha vibaya, +3 sijawahi kuandika maana nikifika huko daftari sina habari nalo. Chini -1 simu naziangalia zinaita sipokei, -2 nakwenda kazini na nguo ya jana, -3 kitandani. Za kwako zitakuwa nyingine kabisa, usinakili.

BintiSinza ameandika:

Hiyo ya simu zinaita nimecheka kwa uchungu. Asante mkuu

MamaJuni ameandika:

Naomba kuuliza mimi sio mgonjwa, ni mume wangu. Ana dawa lakini hataki kabisa kuandika chochote, nikimwambia "baba Juni naona umeanza" anawaka, anasema namchunga kama mtoto mdogo, na kibaya zaidi siku akiwa na furaha ya kawaida kabisa, Simba imeshinda, mimi roho inaanza kunidunda naona kapanda. Nimefika mahali namuogopa akicheka. Nifanyeje?

MtuWaPantoni ameandika:

Pole sana mama Juni, na mke wangu kasoma swali lako kasema nikujibu kwa maneno yake. Neno "umeanza" litoe kabisa. Mwambie kitu ambacho hata yeye akibisha kipo: "juzi ulilala saa nane, jana saa tisa, leo saa kumi ulikuwa sebuleni." Hapo husemi yeye ni mgonjwa, unasema saa. Na ndo itakusaidia wewe na hilo la kumuogopa akicheka, kama Simba imeshinda akashangilia akala akalala mpaka asubuhi hiyo ni furaha, muache baba wa watu afurahi. Imekuwa siku ya tatu bado anashangilia na halali, hapo sawa.

Mazungumzo yote ya maana yafanyike akiwa kwenye sifuri. Akiwa juu hakusikii, akiwa chini atakubali kila kitu kwa kujilaumu na baadae haikai. Sisi tulikaa Jumapili moja tukaandika mambo matatu: dalili zangu za mwanzo ni zipi (kwa maneno yangu mimi, sio ya kwake), akiziona zikiwa mbili kwa pamoja anafanya nini, na nini hafanyi. Anachofanya ni kuchukua kadi ya benki na kumpigia dokta kusogeza tarehe. Asichofanya ni kumwambia mama yangu kwanza. Hiyo ya mwisho nilisisitiza sana maana mama akijua basi na ukoo mzima Handeni umejua kabla ya chai.

NesiWaZamu ameandika:

Nimefurahi kuona uzi huu, nipo kitengo cha afya ya akili kwenye hospitali mojawapo hapa mjini. Niongeze upande wetu.

Mgonjwa akija na daftari anatusaidia mno. Tarehe za kliniki ziko mbali mbali na mtu anakumbuka wiki mbili za mwisho tu, akija akiwa ameshuka atatueleza sonona peke yake, na hapo ndo linatokea kosa la kupewa dawa ya sonona peke yake bila ya kutuliza mudi, kumbe mwezi juzi alikuwa anapanda, na baadhi ya watu dawa hizo zinawarusha juu kabisa. Mistari michache ya usingizi ingeonyesha. Kwa hiyo ukienda popote hata kama ni dokta mgeni mwambie "na vipindi vya kupanda ninavyo."

Walio kwenye lithiamu, moja ya dawa za kutuliza mudi, wasikilize vizuri. Dawa hii dozi inayotibu na dozi inayodhuru zimekaribiana, ndo maana tunapima damu, inachukuliwa masaa 12 baada ya dozi ya mwisho na wengi tunataka isome kati ya 0.6 na 1.0. Joto letu la Januari na Februari, jasho, kuharisha, kutapika, kukaa bila maji, vyote vinapandisha kiwango. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni nazo zinapandisha, na hizo mtu ananunua duka la dawa mtaani bila kuulizwa, maumivu ya mgongo tu anameza. Mwambie muuzaji unatumia lithiamu. Mikono ikianza kutetemeka kwa nguvu, kutembea unayumba, ulimi mzito, unatapika, hiyo sio malaria kwanza, njoo mapokezi ya dharura. Andika kwenye daftari hata siku ulizoharisha, tunazihitaji.

DerevaWaUsiku ameandika:

Mimi naendesha gari za mtandaoni, usiku ndo kuna hela. Sasa mnaposema usingizi mimi nitaandika nini wakati kila siku nalala saa tofauti? Dokta aliniambia niache kazi ya usiku nikamwambia sawa wewe utanilipia marejesho ya gari?

MtuWaPantoni ameandika:

Hahaha swali la haki kabisa hilo. Mimi sio dokta lakini kuna mtafiti wa Pittsburgh Marekani, Ellen Frank, yeye na wenzake walitengeneza tiba nzima inayohusu ratiba ya siku. Wanafuatilia vitu 5: saa ya kutoka kitandani, saa ya kuonana na mtu wa kwanza, saa ya kuanza kazi, saa ya chakula cha jioni, saa ya kulala. Lengo visogee kidogo iwezekanavyo. Kwa hiyo kama usiku huwezi kuuacha sasa hivi basi uwe usiku ule ule, uingie barabarani saa ile ile, utoke saa ile ile, mapazia mazito, sio leo usiku kesho mchana keshokutwa umeunganisha vyote kwa sababu kuna tamasha. Kinachotubomoa ni kuruka ruka. Ila na dokta naye muelewe, zamu za usiku kwa watu wetu ni mbaya kweli, kama kuna siku utapata namna ya mchana chukua.

Na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu mnavyokunywa, pamoja na mirungi, viandike. Hata usipoacha, andika.

NesiWaZamu ameandika:

Acha tu dereva. Hapo mtu wa Pantoni kaongea kwa upole mno 😀

Chausiku77 ameandika:

Mimi kinachonimaliza ni misiba. Nalala msibani siku tatu, mkeka, kelele, chai usiku kucha, nikirudi nyumbani nimeshawaka. Na usipolala msibani unajua maneno yake.

MtuWaPantoni ameandika:

Najua sana. Mimi naenda asubuhi mapema, nafanya kazi inayoonekana, nabeba viti, nachukua daftari la rambirambi, ikifika saa mbili usiku naondoka. Kwenye ukoo kuna mzee mmoja tu anayejua sababu na yeye ndo anasema "huyo nimemtuma." Kila ukoo una mzee wa hivyo, mtafute kabla ya msiba haujatokea. Lawama zitakuwepo kidogo, zinaisha arobaini.

Wa mkesha wa maombi ni vile vile, mchungaji akijua sababu atakupangia ibada za mchana.

Abuu_Ilala ameandika:

Na sisi wa Ramadhani? Daku, tarawehe, dawa za mchana, ratiba yote inapinduka mwezi mzima.

NesiWaZamu ameandika:

Njoo kliniki kabla mwezi haujaandama, sio katikati. Dawa nyingi dokta anaweza kuzipanga ziingie futari na daku, wewe usizipange mwenyewe. Mwenye lithiamu huyu ni wa kuangaliwa kipekee kwa ajili ya maji, wengine tunawashauri wasifunge na mgonjwa ana ruhusa yake kwenye dini, muulize na sheikh wako. Usingizi wa kukatika katika ndo unaotuletea wagonjwa, kwa hiyo mwezi huo ndo daftari lisikose hata siku.

Mkimya_Kimara ameandika:

Nitapinga kidogo. Mimi nilifuatilia kwa bidii sana na ilinizamisha. Kila jioni naandika -2, -2, -3, -2, nageuza kurasa naona ni hizo tu, nikawa najiona maisha yangu yote ni hizo namba. Niliacha na nikapumua. Sio kila mtu hili linamfaa.

MtuWaPantoni ameandika:

Mkimya upo sahihi na wala sibishani. Kuna utafiti wa Uingereza ulichapishwa 1999, wagonjwa 69, nusu walifundishwa kutambua dalili zao za mwanzo na kukimbilia matibabu mapema. Walikaa muda mrefu zaidi kabla ya kupanda tena. Kwa kushuka haikuleta tofauti. Kwahiyo hii silaha ni ya kuzuia kupanda zaidi. Mimi nikishuka namba siandiki, naweka alama ya vema kwenye dawa na saa niliyotoka kitandani, basi, zingine anajaza mke wangu na kurasa za nyuma sizifungui mpaka nirudi kwenye sifuri. Kama hata hivyo inakuumiza acha kabisa, ila dawa usiache.

Mkimya_Kimara ameandika:

Hapo sawa. Mimi wangu wa kunijazia hayupo ila dada yangu naweza kumwambia aniulize kwa simu.

Zuu_wa_Temeke ameandika:

Nesi naomba unisaidie hapo hapo, nipo kwenye kabamazepini, dawa ya kutuliza mudi, na nina kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, kuna mtu kaniambia vinagombana?

NesiWaZamu ameandika:

Ndio mdogo wangu, kabamazepini inapunguza nguvu ya kijiti na ya vidonge vya majira, unaweza kupata mimba na kijiti kipo. Usiache dawa ghafla, nenda uzazi wa mpango uwaambie unatumia nini, sindano au kitanzi havina shida hiyo. Na wadada mlio kwenye valproeti, nayo ni ya kutuliza mudi, hiyo ndo ya kuongea na dokta kabla ya kufikiria mimba, sio baada, inadhuru sana mtoto tumboni. Daftari lenu liwe na tarehe za hedhi pia, kuna wengi mudi inaenda nazo.

BintiSinza ameandika:

Mtu wa Pantoni tuwekee mfano wa ukurasa basi tuone unavyofanana

MtuWaPantoni ameandika:

Picha siweki mwandiko wangu unajulikana hapa mjini 😂 nachapa siku mbili tu, za mwaka juzi (safu ya mwisho ni namba anayonipa mke wangu):

Jtatu. Kulala 4:30. Kuamka 11:45, kawaida. Dawa ✓. Hela: nauli, chakula. Nguvu 0. Mudi 0. Mke: 0.

Alh. Kulala 8. Kuamka 10:30, mwepesi. Dawa ✓. Hela: elfu 60 saa 7 usiku, spika. Nguvu +2. Mudi +1. Mke: +2, anaimba bafuni na sio Kiswahili.

Ijumaa yake asubuhi kadi ikachukuliwa, Jumatatu nilikuwa kwa dokta, dawa ya usiku ikaongezwa kwa muda. Sikulazwa.

MamaJuni ameandika:

Nimemsomea baba Juni hiyo ya Alhamisi kacheka mpaka basi. Kasema ataandika, ila safu ya hela nisiiguse kabisa. Nikubali hivyo hivyo au ndo nitakuwa nimeanza vibaya?

MtuWaPantoni ameandika:

Kubali. Usingizi na dawa vinatosha kuanzia. Ya hela muulize tena akishaona wiki zinapita na hujamgombeza hata mara moja kwa alichokiandika. Na safu yako wewe uiandike akiwepo, mezani, usiende kujifichia chumbani.